Sukari ya Damu: Tuijue kwa Namba, Tusiingoje kwa Dalili

Maneno ya Kamati Ndogo ya Afya mbele ya wakazi wa makazi yetu na wafanyakazi wa mashirika, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa viongozi wa vijiji na bloku,
Ndugu zetu wauguzi, wahudumu wa afya wa vijiji na wafanyakazi wa mashirika,
Baba zetu, mama zetu, kaka, dada na vijana,

 

Tarehe ya leo ni siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, yeye na mwenzake Charles Best walifanya kazi iliyoleta dawa iitwayo insulini. Mwezi Januari 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa sindano ya dawa hiyo. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na dawa yoyote. Waganga walimpunguzia chakula mpaka akakonda kabisa, ili apate miezi michache tu ya kuishi, kisha akafa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na Shirika la Afya Duniani walianzisha siku hii mwaka 1991, na Umoja wa Mataifa ukaipitisha mwaka 2006.

Huenda mtu akauliza: sisi wakimbizi tunaopima unga kwa kikombe, tuna shughuli gani na ugonjwa wa sukari? Huo si ugonjwa wa matajiri wa Kampala na Kinshasa? Swali hili tumelisikia katika kila bloku tuliyoitembelea, hivyo yatupasa kulijibu kwanza.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limekadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Katika kila watu 10 kati yao, 8 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama Congo tuliyotoka na Uganda iliyotupokea. Na hapa Afrika, katika kila wagonjwa 10, wapatao 7 hawajui kwamba ni wagonjwa. Kwa hiyo ugonjwa tunao, ila hatujaupima. Hilo ndilo tulilokuja kulisema leo, na mengine yote yatafuata kutoka hapo.

SUKARI YA DAMU NI KITU GANI

Chakula tunachokula, kiwe bugali wa muhogo, posho ya mahindi, wali, viazi au ndizi, kikifika tumboni husagwa na sehemu yake kubwa kugeuka sukari iitwayo glukozi. Sukari hiyo huingia katika damu, na damu huisambaza mwilini kama gari la mgao linavyopita kijiji hadi kijiji. Bila sukari hiyo mtu hawezi kulima, kufikiri wala kutembea. Sukari ya damu, kwa kiasi chake, ni chakula cha mwili.

Lakini gari likifika na ghala limefungwa, magunia hubaki njiani. Ufunguo wa ghala hilo ni insulini, ambayo hutengenezwa na kiungo kilicho nyuma ya tumbo kiitwacho kongosho. Insulini ikikosekana, au kufuli likiwa gumu, sukari hujaa katika damu huku mwili wenyewe ukiwa na njaa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kula sana na bado akakonda.

Aina za ugonjwa huu ni kadhaa, na kubwa ni tatu. Aina ya kwanza huja pale kongosho linapoacha kutoa insulini. Huwapata hasa watoto na vijana, na si kosa la mtoto wala la mzazi. Aina ya pili ndiyo ya wagonjwa wengi. Ufunguo upo, lakini kufuli limekuwa gumu, na kongosho huchoka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ya tatu huja wakati wa mimba, na mara nyingi huondoka mama akijifungua, lakini humwachia hatari ya kupata aina ya pili baadaye.

Sukari ikizidi katika damu mwaka baada ya mwaka, huharibu mishipa. Macho hupungua nguvu hata kupofuka, figo hushindwa kazi, miguu hufa ganzi na kuota vidonda visivyopona, na moyo na ubongo hupatwa na kiharusi na magonjwa mengine. Tena mwenye kisukari ana hatari mara mbili hata tatu ya kupata kifua kikuu, jambo ambalo si dogo kwa watu wanaolala wengi katika chumba kimoja.

NAMBA TUNAZOPASWA KUZIJUA

Sukari hupimwa kwa tone la damu ya kidole juu ya kijiti kidogo kinachoingizwa katika mashine. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha asubuhi, kabla mtu hajala wala kunywa chai, akiwa amekaa saa 8 au zaidi kwa maji matupu. Kwa kipimo hicho Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka hii:

Chini ya 6.1 ni sawa.
Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Mtu hajawa mgonjwa, lakini yuko njiani.
Kuanzia 7.0 na kuendelea ni kisukari. Asiye na dalili yoyote hupimwa tena siku nyingine ili kuthibitisha.

Mtu akipimwa saa yoyote, hata baada ya kula, na namba ikawa 11.1 au zaidi, naye ana dalili tutakazozitaja, huyo pia ana kisukari. Kwa upande wa chini, namba ikishuka chini ya 3.9 kwa mtu anayetumia dawa, ni hatari ya haraka, nayo tutaieleza.

Tunaomba msikilize kwa makini juu ya lile kundi la katikati, maana hapo ndipo penye faida kubwa. Mwaka 2001 watafiti wa Finland, na mwaka 2002 watafiti wa Marekani, walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watu wanene waliokuwa katika hatua ya onyo. Waliofundishwa kupunguza uzito kidogo, kubadili chakula na kutembea kwa bidii wastani wa nusu saa kwa siku, walipungukiwa na hatari ya kuwa wagonjwa kwa asilimia 58. Hivyo mwenye namba 6.5 hajahukumiwa. Ameonyeshwa njia panda akiwa bado na nguvu za kuchagua. Lakini asiyepimwa atapita njia panda hiyo usiku bila kuiona.

NAMBA MOJA, LUGHA TATU

Liko jambo linalowachanganya wengi waliovuka mpaka. Congo wengi wetu tulizoea kusomewa sukari kwa miligramu, kwa mfano 126 au 180, na pengine kwa gramu, yaani 1.26 au 1.80. Hapa Uganda vituo vingi husoma kwa kipimo kingine kiitwacho milimoli, na hapo 126 huandikwa 7.0, na 180 huandikwa 10.

Fikirini basi mgonjwa aliyetoka Uvira au Goma na kijitabu kilichoandikwa 180. Anafika hapa, anapimwa, anaambiwa 10. Anarudi nyumbani kwa furaha akisema sukari imeshuka, na anaacha vidonge. Kumbe namba ni ile ile, imebadili lugha tu. Mwingine huona 1.80 katika karatasi ya zamani na 10 katika karatasi mpya, akadhani yu karibu kufa.

Kanuni ni nyepesi na watoto wa shule waweza kuwasaidia wazee: namba ya hapa zidisha kwa 18, utapata ile ya miligramu. Kwa hiyo 6.1 ni 110, 7.0 ni 126, 10 ni 180, na 11.1 ni 200. Kila mmoja wetu mwenye kijitabu cha zamani akilete kituoni, asikitupe. Na ninyi wauguzi, tunawaomba mwandike kipimo kilichotumika kando ya namba, na kama mgonjwa alikuwa amekula au la.

TUSINGOJE SISIMIZI

Wazee wetu walijua ugonjwa huu tangu zamani. Walisema: mkojo ukivutia sisimizi, mwenye mkojo huo ni mgonjwa. Ni kweli, kwa sababu sukari ikizidi sana katika damu figo hushindwa kuizuia, nayo hutoka na mkojo. Lakini tuangalie namba. Kwa watu wengi figo huanza kuiachia sukari inapofika karibu 10, na ugonjwa unaanzia 7. Anayengoja sisimizi anaweza kukaa na ugonjwa miaka mingi bila kuonywa na mdudu yeyote.

Dalili nyingine ni hizi: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, njaa nyingi huku mwili unapungua, uchovu, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, kuwashwa sehemu za siri, na ganzi au moto katika nyayo. Mwenye dalili mojawapo aende apimwe upesi. Lakini aina ya pili huweza kukaa kimya miaka mingi bila hata moja ya dalili hizo, ndiyo maana tunasema tuijue kwa namba.

NANI YUMO HATARINI

Aliyevuka miaka 40. Mwenye baba, mama au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari. Mwenye kitambi, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Mwenye shinikizo la damu. Mama aliyepata sukari wakati wa mimba, au aliyezaa mtoto wa zaidi ya kilo 4. Mtu ambaye kazi yake ni kukaa: fundi cherehani, mwenye duka, dereva wa bodaboda, na mzee asiyekwenda tena shambani.

Tunaongeza kundi moja ambalo halisemwi hadharani. Baadhi ya dada zetu hununua vidonge vya deksa sokoni ili wanenepe upesi na kupendeza. Dawa hiyo ni ya hospitali, ina magonjwa yake, na inajulikana kupandisha sukari ya damu. Anayeimeza bila daktari anajinunulia hatari kwa fedha yake mwenyewe. Na aliyeimeza kwa wiki nyingi asiiache kwa ghafla, maana hilo nalo ni hatari. Aende kituoni aseme ukweli, apunguziwe kwa utaratibu.

NJAA NAYO INAINGIA HAPA

Wengine husema: mimi nimekonda, sukari itatoka wapi? Tuwaeleze habari ya Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia katika miji ya magharibi ya nchi hiyo, na watu wakala mgao mdogo sana kwa miezi kadhaa. Watoto waliokuwa matumboni wakati huo walipimwa wakiwa na umri wa karibu miaka 50. Ilionekana kwamba miili yao ilishindwa kumudu sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla ya njaa hiyo au waliotungwa mimba baada yake. Njaa ya mama iliandikwa katika mwili wa mtoto, nayo ikasomwa nusu karne baadaye.

Tena mwaka 2025, katika mkutano wake uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitambua rasmi aina ya kisukari inayotokana na utapiamlo, na kuiita aina ya tano. Huwapata hasa vijana wembamba wa nchi maskini waliokosa lishe tangu utotoni.

Hivyo wembamba si kinga. Na sisi ambao mgao wetu ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na baadaye kaya zikagawanywa kwa makundi kwa uhaba wa fedha za wafadhili, tunayo haki ya kuwaambia wakubwa wanaopanga hesabu kwamba chakula cha mama mjamzito wa leo ni dawa ya mwanawe atakapokuwa na miaka 50. Upungufu unaoandikwa leo katika karatasi ya mgao utalipwa baadaye katika hospitali.

CHUNGU CHETU TULICHO NACHO

Hatutawaambia mle vitu msivyo navyo. Mabango mengi yanaonyesha samaki mkubwa, tufaha na maziwa, na mama anayeyatazama anarudi nyumbani kwenye unga na maharage. Tuseme juu ya unga na maharage.

Kwanza, ulimi haupimi sukari. Wengi husema bugali wa muhogo hauna sukari kwa kuwa si mtamu. Kumbe bugali, posho, wali na viazi vyote hugeuka glukozi tumboni, na donge kubwa la bugali huweza kuipandisha sukari kuliko kikombe cha chai tamu. Hatusemi uachwe. Tunasema donge lipunguzwe lifanane na ngumi ya mlaji, na maharage pamoja na majani yaongezwe. Maharage huchelewesha sukari kuingia katika damu. Sombe, lengalenga, matembele na majani ya maboga huota hata katika kipande kidogo cha ardhi nyuma ya nyumba. Ndagala, ambazo hapa huitwa mukene, zinasaidia pia, na bei yake ni nafuu kuliko nyama.

Pili, unga usiokobolewa ni bora kuliko mweupe. Anayesagisha mahindi yake mwenyewe amwambie mwenye mashine asikoboe.

Tatu, soda, juisi za mifuko na chai yenye vijiko vinne vya sukari tuviweke kando. Asali na miwa navyo ni sukari, hata kama vimetoka porini. Mgeni akifika tumzoeze chai ya tangawizi yenye sukari kidogo, wala asidhani amenyimwa.

Nne, tule kwa saa zinazofanana kila siku. Twajua kwamba mwanzo wa mwezi kaya hula mara tatu na mwisho wa mwezi mara moja. Kwa mgonjwa, kuyumba huko ni kubaya. Afadhali kidogo kila siku kuliko shibe ya wiki moja na njaa ya wiki tatu.

WENYE DAWA, SIKU YASIYO NA CHAKULA

Hapa tunaomba utulivu, maana jambo hili huua kwa saa chache.

Vidonge viitwavyo glibenklamidi, na vilevile insulini, hushusha sukari hata kama mgonjwa hajala. Aliyemeza dawa yake asubuhi na kukosa chakula mpaka jioni sukari yake huweza kushuka chini ya 3.9. Ataanza kutoka jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea ovyo kama mlevi, kisha ataanguka. Majirani wakidhani ni pombe au pepo, watamwacha afe.

Mwenye dalili hizo akiwa bado anameza, mpeni mara moja vijiko vitatu vidogo vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda. Mngoje dakika 15. Asipopata nafuu mrudieni, na akipata nafuu ale chakula. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni, atasongwa. Mlazeni ubavu na mkimbizeni kituoni. Kila mgonjwa wa dawa hizi awe na kifurushi kidogo cha sukari mfukoni au katika pindo la kitenge, na jirani mmoja ajue.

Sasa je, siku hakuna chakula, dawa iachwe? Kidonge cha glibenklamidi kisimezwe bila mlo. Nenda kituoni siku hiyo hiyo upangiwe. Insulini ya mgonjwa wa aina ya kwanza isikatizwe kabisa, hata siku moja. Kiasi ndicho hubadilishwa, kwa shauri la muuguzi. Kadhalika anayesafiri, anayerudi nyumbani au anayehamishiwa nchi ya tatu aseme mapema, apewe dawa za njiani na barua.

Juu ya maombi na mitishamba tuseme hivi. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, wala hatulizuii. Anayeombewa na achome sindano yake. Kongosho lililokwisha kuacha kutoa insulini halijapata mzizi wa kulirudisha, na mtoto aliyeachishwa sindano kwa sababu hiyo hawezi kungoja.

INSULINI NA JOTO LA MABATI

Wengi wameogopa insulini kwa sababu hawana friji, na wengine hutembea mbali kila asubuhi na jioni ili wachomwe kituoni tu. Kuna habari njema, nayo imetoka katika kambi ya wakimbizi kama sisi. Médecins Sans Frontières pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto ndani ya nyumba za kambi ya Dagahaley, huko Dadaab kaskazini mwa Kenya, kisha wakaiweka insulini katika joto hilo hilo maabara, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya wiki 4 nguvu ya dawa haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye ubaridi.

Kwa hiyo chupa inayotumika, kwa maelekezo ya muuguzi, yaweza kukaa nyumbani kwa wiki 4 mahali penye kivuli. Tumieni chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, na kitambaa kibichi juu. Isiwekwe juu karibu na bati, isiachwe juani, na isigande. Akiba ambayo haijafunguliwa ibaki kwenye friji ya kituo.

MTOTO AKIPIMWA MALARIA

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza akizidiwa hutapika, huumwa tumbo, hupumua kwa nguvu na kwa haraka, hulegea na kusinzia, na pumzi yake huwa na harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Yote hayo yafanana na malaria kali au homa ya mapafu. Akitibiwa malaria peke yake, na sukari isipimwe, anaweza kufa kabla ya siku mbili. Mama, ukiona mtoto anakunywa maji mengi, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, na nguo zinampwaya, waambie wauguzi kwa mdomo wako: naomba apimwe na sukari.

TUNAYOYAOMBA

Kwa wakazi: kila aliyevuka miaka 40, na kila mwenye hatari tulizozitaja, aende apimwe, naye aiandike namba yake. Mgonjwa aoshe na kuangalia miguu yake kila jioni, hata katikati ya vidole, asitembee pekupeku, na asiipashe moto jikoni, maana mguu wenye ganzi huungua bila kusema. Na mtu asifichwe wala asitengwe. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja.

Kwa viongozi wa bloku: mtusaidie kuandika orodha ya wanaotumia insulini, ili siku ya mafuriko, moto au kuhamishwa wasisahaulike. Mtu asiyepata chakula siku moja atavumilia. Wa aina ya kwanza asiyepata insulini siku chache hatavumilia.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tunaomba mambo manne. Vijiti vya kupimia visikosekane, maana mashine bila kijiti ni kama bunduki isiyo na risasi. Mtoto anayelegea apimwe sukari pamoja na malaria. Wenye kutumia insulini na glibenklamidi wahesabiwe katika kundi la kwanza mgao unapogawanywa, kwa kuwa dawa yao inahitaji mlo. Na mgonjwa anapopelekwa hospitali ya rufaa, arudi na barua inayoeleweka.

Tunajua fedha zimepungua, na tunajua wengi wenu mnafanya kazi zaidi ya nguvu zenu. Lakini tone moja la damu na kijiti kimoja ni gharama ndogo kuliko mguu uliokatwa au figo zilizokufa. Nasi wakazi tusiwaachie wao kazi yote. Mashine ikiwepo na watu wasipokwenda, itakuwa pambo.

Wauguzi wako hapa chini ya mti na mashine mbili, tangu sasa hadi saa 8 mchana. Waliokula watapimwa leo, na namba ikiwa juu wataitwa tena asubuhi kabla ya kula. Wazee watangulie, na mama wenye mimba. Viongozi wetu wameahidi kuanza wao mbele ya watu wote, nasi tunawashukuru kwa mfano huo.



Kamati Ndogo ya Afya,
kwa niaba ya Kamati ya Jamii ya Wakimbizi